STESHENI YA ELBURGON NA WATU WALIOPAKIA MBAO

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa tawi. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika.)



Katibu alitutaka tuzungumze juu ya historia ya stesheni ya Elburgon. Tulipoipata barua yake tulicheka kidogo, maana wengi wetu hatukuijua stesheni ile kwa historia. Tuliijua kwa mabega. Sisi tunaosema leo ni wazee wachache wa kazi ya reli na kazi ya mbao. Wengine wetu walikuwa ndani ya ua, wamevaa nguo za reli, na wengine walikuwa nje ya ua, hawana nguo ya kazi ila gunia begani. Tumekaa pamoja jioni tatu, tukalinganisha tunayoyakumbuka na yaliyoandikwa vitabuni. Pale tuliposhindwa kupatana mtatusikia tukibishana mbele yenu, na hiyo si aibu.

Basi tuanze na reli yenyewe. Kazi ya kuijenga ilianza Mombasa mwaka 1896. Reli ikafika Nairobi 1899, ikafika Nakuru 1900, na tarehe 20 Desemba 1901 ikafika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India kwa mikataba, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Hesabu hiyo inajulikana kwa sababu kila mtu wa mkataba alikuwa na jina katika daftari. Waafrika waliofyeka msitu na kubeba udongo hawana hesabu kama hiyo. Tunaomba mlishike neno hili la daftari, maana tutalirudia.

Kati ya Nakuru na Kisumu umesimama mlima wa Mau. Gari la moshi likitoka Nakuru hupanda kupitia Njoro, halafu Elburgon, Turi na Molo, mpaka Mau Summit ambako njia iko juu kiasi cha futi 8,300 kutoka usawa wa bahari. Kutoka hapo hushuka kwenda Londiani na Kipkelion, ambayo zamani iliitwa Lumbwa. Njia hii ya Mau ilijengewa madaraja marefu ya chuma 27 juu ya mabonde, na vyuma vyake vililetwa na kampuni ya Marekani, American Bridge Company. Fundi wetu mmoja wa madaraja hapa anasema angeweza kuyazungumza hayo mpaka asubuhi. Tumemwomba asifanye hivyo.

Sasa wengi hufikiri kwamba kwanza kulikuwa na mji wa mbao, ndipo reli ikaja kuchukua mbao. Mambo hayakuwa hivyo. Reli ilipopita Elburgon ulikuwa msitu. Waogiek walikuwa wakitundika mizinga yao ya nyuki ndani yake, na hakuna aliyewauliza. (Kesi yao ilichukua zaidi ya miaka mia moja kupata jibu: mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyo Arusha iliamua kwamba haki zao zilivunjwa katika msitu wa Mau, na mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia.) Stesheni ilikuja kwanza, mji ukaja nyuma yake. Na mnunuzi mkubwa wa kwanza wa msitu hakuwa mwenye mashine ya mbao. Alikuwa ni reli yenyewe.

Injini za siku zile zilichoma kuni. Makaa ya mawe yalitoka ng'ambo kwa meli, na kila tani iliyopandishwa kutoka pwani ilikula fedha nyingi njiani. Kwa hiyo msitu ulio kando ya njia ulikuwa kama bohari ya reli. Idara ya Misitu ilianzishwa mwaka 1902, na moja ya shughuli zake za kwanza ilikuwa kuangalia kuni za magari ya moshi. Miti ya asili iliyo karibu na njia ilipopungua, ilipandwa mikaratusi na miwati kwa ajili hiyo hiyo. Mtu akikuambia kwamba msitu wetu ulimalizwa na maskini watafutao kuni za kupikia, mwambie kwanza aulize ni kuni kiasi gani zilizopita katika tanuri za injini kwa muda wa miaka arobaini na zaidi. Jambo moja la ajabu ni kwamba chini ya vyuma vya reli hamkuwa na mbao nyingi. Mataruma ya njia kuu yalikuwa ya chuma kwa sehemu kubwa, kwa kuogopa mchwa. Reli yetu haikulalia mti, iliuchoma.

Mashine za mbao zilifuata. Wenye mashine walikuwa Wazungu na Wahindi, na mafundi wa kupasua wengi walikuwa Masingasinga, watu walioujua msumeno kuliko walivyozijua barua. Miti ilikuwa ni mutarakwa, ambao mchwa hauwezi, na podo ambao hupasuka vizuri na kukaa laini. Mutarakwa ulitoa vigingi vya ua wa mashamba ya masetla, na vibao vya kutengenezea kalamu za risasi vilivyosafirishwa ng'ambo. Podo ilijenga nyumba. Magogo yalivutwa na maksai mpaka mashineni, baadaye na matrakta. Na mabanzi, yale maganda ya gogo ambayo mwenye mashine hakuyataka, yakawa kuta za nyumba zetu. Ukiona mji wa zamani wa nyumba za mabanzi meusi, paa la mabati, na moshi ukitoka katika kila tundu, jua umefika mji wa mbao.

Watu wa kufanya kazi walitoka wapi? Hapa ndipo reli ilipofanya kazi yake ya pili, ambayo haikuandikwa katika vitabu vya mizigo. Gari lililochukua mbao kwenda Nakuru ndilo lililoleta watu kutoka Kisumu na Butere, katika mabehewa ya daraja la tatu. Wengine walikuja kwa miguu kutoka Kiambu, Nyeri na Fort Hall, kwa kukosa ardhi. Sheria ya kipande ilitungwa 1915, na baada ya vita ile ya kwanza kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kukivaa kipande chake shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Sheria ya 1918 ilimtaka squatter katika shamba la setla afanye kazi siku 180 kwa mwaka. Ndani ya msitu wa serikali palikuwa na mpango mwingine, ulioanza kiasi cha mwaka 1910, nao ndio ule mliouita shamba. Familia ilipewa mahali palipokatwa miti, ikalima mahindi na viazi, na katikati ya mahindi ikapanda na kupalilia miche ya sipresi. Miche ikiwa mirefu, mahindi hukosa jua, na familia huhamishiwa mahali pengine. Misitu ya sipresi mnayoiona leo, iliyopangwa kwa mistari kama askari, ni kazi ya akina mama hao na watoto wao. Hawakuhesabiwa kuwa wafanyakazi. Mfanyakazi alikuwa mume peke yake.

Mwaka 1921 ulianza ujenzi wa njia nyingine, kutoka Nakuru kwenda Uasin Gishu. Njia hiyo hupita Rongai, Maji Mazuri, Equator na Timboroa, ambako hupanda karibu futi 9,136, nayo ikafika Eldoret mwaka 1924. Tunaileta habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Maji Mazuri nayo ni mji wa mbao, lakini habari yake imegeuzwa juu chini. Elburgon reli ndiyo iliyoleta mbao. Kule, watu waliokuwa wakipinga walisema ni mbao zilizoivuta reli, kwa sababu msitu ule ulikuwa umekodishwa zamani kwa Ewart Grogan, setla mwenye sauti kubwa kuliko wote, na njia ikapita humo. Mmoja wa wapinzani hao alikuwa W. McGregor Ross, ambaye alikuwa mkuu wa kazi za umma katika serikali ya koloni ile ile, naye akaandika kitabu mwaka 1927 akieleza mambo mengi ya aibu, pamoja na jinsi vibarua walivyotendewa. Mkubwa wa serikali akisema hivyo, mfanyakazi ana haki ya kusikiliza kwa makini.

Sababu ya pili ni hii. Njia ya Uasin Gishu iliendelea mbele mpaka Uganda, ikafika Kampala mwaka 1931. Tangu hapo mzigo wa Uganda haukuwa na haja ya kupita Kisumu. Elburgon, iliyokuwa juu ya njia kuu, ikabaki juu ya tawi. Hapa ndipo tulipobishana jioni nzima. Wenzetu wa reli wanasema stesheni ilianza kufa siku ile. Wenzetu wa mbao wanasema hapana, mbao hazikuwa zikipanda kwenda Uganda, zilikuwa zikishuka Nakuru na kwenda Nairobi, na mtu wa mashine hakujali kama stesheni inaitwa kuu au tawi, mradi behewa tupu lifike. Sisi tunaona wa mbao wana haki zaidi. Stesheni huishi kwa mzigo wake.

Basi tuje kwenye behewa tupu, maana hapo ndipo tulipoitwa kusema.

Elburgon njia ni moja tu, na magari hupishana stesheni. Stesheni masta hawezi kuliachia gari liende mpaka mwenzake wa Njoro au wa Turi amemjibu kwamba njia ni wazi. Kando ya njia kuu kuna njia za pembeni, na huko ndiko behewa tupu lilikoachwa. Gari la kupanda lilikuja na tupu, gari la kushuka likachukua zilizojaa. Ilikuwa mpango mzuri, kwa sababu mzigo mzito ulikwenda na mteremko, ingawa gadi na dereva walikuwa na kazi ya breki mpaka jasho likawatoka. (Na baada ya Naivasha ilibidi mzigo huo upande tena ukuta wa Bonde la Ufa mpaka Uplands kabla ya kuiona Nairobi.)

Behewa likishawekwa, saa inaanza kuhesabiwa. Mwenye mzigo alipewa muda wake wa kupakia bila malipo. Muda ukipita, alilipa gharama ya kuchelewesha behewa, ambayo makarani waliita dimareji. Karani wa mizigo aliandika katika daftari saa ya kuweka, saa ya kumaliza, nambari ya behewa, uzito, jina la mwenye mzigo, na mahali unapokwenda. Kila behewa lilikuwa na habari zake kama mtoto wa shule.

Sasa mwenye mashine akiogopa dimareji anafanya nini? Anamwambia mnyapara, na mnyapara anawaambia wapakiaji. Behewa likifika saa kumi jioni, kazi inaanza saa kumi jioni. Likifika na mvua, kazi inafanywa na mvua. Ninyi mnaoijua Elburgon mnajua mvua yake, na baridi ya mwezi wa saba. Tulipakia kwa taa ya mafuta iliyotundikwa kwenye kigingi. Mbao mbichi ya podo iliyolowa ina uzito wake peke yake. Watu wawili huinua, wawili hupokea juu, na aliye katikati ndiye anayepiga wimbo, kwa sababu bila wimbo mtu mmoja huachia mapema, na akiachia mapema kidole cha mwenzake kimekwenda. Kuna wazee hapa wakinyoosha mikono mtaona wenyewe.

Halafu mzigo lazima upangwe sawasawa pande zote mbili, usilalie gurudumu moja, ufungwe kwa mnyororo, na upite chini ya upinde wa chuma wa kupimia. Ukigusa upinde, teremsha, panga upya. Kazi ya kupanga upya haina malipo. Tulilipwa kwa behewa, si kwa saa. Mtu angeweza kukaa siku mbili akingoja behewa ambalo halikuja, asipate hata senti, na siku ya tatu yakaja matatu pamoja, akapakia mpaka alfajiri.

Tuseme wazi jambo lililotufanya tukubali mwaliko huu. Gogo moja lilipita katika mikono ya watu wengi. Kulikuwa na mkataji, na mwenye maksai, na mtu wa msumeno, na mpakiaji, na mtu wa kupindua njia, na dereva na fayaman wake, na gadi, na mbele kabisa mpakuaji wa Nairobi au kuli wa Kilindini. Mkataji na mtu wa msumeno walikuwa watu wa mashine. Mpindua njia, dereva na gadi walikuwa watu wa reli, wenye nyumba za landi, likizo, na uzeeni bahashishi. Lakini mpakiaji alikuwa mtu wa nani? Alisimama na mguu mmoja katika behewa la reli na mguu mwingine juu ya mbao za mashine. Mara nyingi hakuwa wa reli wala wa mashine. Alikuwa wa kontrakta, na kontrakta alikuwa na daftari la mfukoni tu.

Kulikuwa na mwenzetu katika stesheni moja ya msituni, hatutaitaja, wala hatutamtaja yeye. Ilikuwa katika miaka ya 1960. Kigingi cha behewa kilitoka, magogo yakaviringika, yakamvunja mguu mahali pawili. Tulimbeba kwa ubao ule ule aliokuwa akiupakia. Alipopona nusu, alikwenda kwa mwenye mashine kuuliza fidia. Akaambiwa, wewe si mtu wangu, wewe ni mtu wa kontrakta. Akaenda kwa kontrakta. Akaambiwa, mimi sikukuajiri, mimi nilinunua kazi ya kupakia behewa moja, na behewa lile halikujaa. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ilikuwako. Lakini sheria humuuliza mtu kwanza: wewe ni mfanyakazi wa nani? Naye hakuwa na karatasi ya kujibu. Tulimchangia. Wa reli walichanga na wa mashine walichanga, na hiyo ndiyo mara ya kwanza tuliyokaa chumba kimoja. Nambari ya behewa lile ilikuwa imeandikwa. Jina lake yeye halikuandikwa mahali popote.

Mtatuuliza, chama kilikuwa wapi? Hili ni swali la haki, nasi hatutalikwepa. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi kiasi cha 15,000 walisimamisha kazi Mombasa: wa bandari, wa reli, wa mahoteli, maboi wa nyumbani, wote kwa siku moja. Hakuna aliyeuliza huyu ni wa idara gani. Hapo ndipo African Workers' Federation ilipotokea, na Chege Kibachia akawa mkuu wake. Kabla ya mwaka kwisha Kibachia alikuwa amekamatwa na kupelekwa Baringo. Mwezi wa Mei 1950 ilikuwa zamu ya Makhan Singh, ambaye baba yake alikuja nchi hii kuwa fundi wa reli. Yeye alizuiwa bila kufunguliwa mpaka 1961. Wote wawili walitaka chama kimoja cha wafanyakazi wa kila kazi. Baada yao serikali ilipendelea vyama vya kazi moja moja, vya reli peke yake, vya mbao peke yake. Tom Mboya na wenzake walivijenga vyama hivyo vikawa na nguvu, wala hatusemi vilikuwa vibaya. Sisi wenyewe tulikula matunda yake. Lakini ukuta ukishajengwa baina ya nyumba mbili, yuko mtu anayebaki barabarani. Mpakiaji alibaki. Wa reli walisema anapakia mbao, na aende kwa watu wa mbao. Wa mbao walisema yuko stesheni, na aende kwa watu wa reli. Tulisema hivyo sisi. Si waajiri peke yao waliosema.

Habari za mwaka 1952 na 1953 hatutazirefusha, maana wengi wenu mnazijua nyumbani kwenu. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Katika miezi iliyofuata Wakikuyu walitolewa Bonde la Ufa kwa makumi ya maelfu, kwa malori na kwa treni, wakarudishwa katika wilaya ambazo wengine wao hawakuzaliwa huko. Watu waliopanda sipresi wakatolewa kabla sipresi haijafika kiuno. Na njia zile zile za pembeni, ambazo tulisema zilikuwa za mbao, zilijua mizigo ya aina nyingine. Tuache hapo.

Baada ya vita ya pili injini ziligeuzwa kuchoma mafuta, na moshi wa kuni ukapungua. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zikaunganishwa kuwa East African Railways and Harbours. Uhuru ulipokuja tuliona mabadiliko tuliyoyapenda: Mwafrika akakaa katika kiti cha stesheni masta, akashika funguo. Mfuko wa NSSF ukaanza 1965. Waliokuwa na kadi walikatwa na kuwekewa. Mpakiaji wa behewa hakuwa na kadi. Katika miaka ya 1970 tulikuwa bado tukiziona injini za moshi katika njia ya Kisumu, halafu dizeli ikachukua yote.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, na mwaka uliofuata likaundwa Shirika la Reli la Kenya. Lakini tayari malori yalikuwa yamekwisha kuingia. Lori halina upinde wa kupimia wala stesheni masta. Linaingia mpaka mlangoni mwa mashine na kwenda mpaka mlangoni mwa mnunuzi. Mwenye mashine hakutuaga. Alianza kuagiza mabehewa matatu badala ya sita, halafu moja, halafu akaacha. Njia ya pembeni ikapata kutu juu ya chuma, na mtu wa reli akiona kutu juu ya chuma hana haja ya kuambiwa neno. Kuanzia 2006 mpaka 2017 reli ilikuwa mikononi mwa kampuni binafsi kwa mkataba. Kisha kwa miaka treni ya abiria ya Kisumu haikuonekana, ikarudi mwishoni mwa 2021 baada ya njia kutengenezwa. Watoto walitoka shule kwenda kuitazama. Sisi pia tulikwenda.

Msitu nao ulifungwa. Mwaka 1999 serikali ilisimamisha ukataji katika misitu yake, ila kwa makampuni machache makubwa yaliyoruhusiwa. Mwezi wa Februari 2018 ukasimamishwa tena, kwa siku 90, na siku hizo 90 zikaongezwa na kuongezwa mpaka mwaka 2023. Tarehe 2 Julai mwaka huo Rais alitangaza huko Molo kwamba marufuku imeondolewa, na watu wa mahakama na wa mazingira wakaanza kesi zao. Katika jambo hili sisi hatuna neno moja. Wengine wetu wanasema bila msitu hakuna mvua, na hiyo ni kweli. Wengine wanasema mji wa mbao usiopasua mbao ni mji wa vijana waliokaa juu ya ukuta, na hiyo pia tumeiona. Waliopanda sipresi waliipanda ikatwe na kupandwa tena. Iliyoachwa ikaoza imesimama haikumlisha mtu.

Sasa mashine zimeanza kulia tena, na mbao zinatoka kwa malori. Nendeni mkaangalie wanaopakia. Ni vijana, wajukuu wetu. Wanalipwa kwa lori. Mwenye mashine anasema ni watu wa mwenye lori, mwenye lori anasema ni watu wa mjini tu waliojitokeza. Maneno ni yale yale, ila behewa limekuwa lori.

Lakini kitu kimoja hakiko kama zamani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi kwa mwajiri mmoja siku mfululizo ambazo zikijumlishwa zinafika mwezi mmoja au zaidi, huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, naye hupata haki zinazofuata. Wakili wa chama ametueleza kwamba ugumu si sheria. Ugumu ni kuonyesha siku. Ni lini ulipakia, lori gani, la nani, nani alikulipa. Hivyo tumekubaliana na vijana watano wa pale kwamba wataandika. Tumewanunulia madaftari, ya mistari, yale ya shule. Kila lori likipakiwa wanaandika nambari yake, tarehe, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, majina ya waliopakia, na jina la aliyelipa. Wameandika tangu mwanzo wa mwezi uliopita. Tumeleta daftari la kwanza, nalo limejaa.

Na wazee mliopakia Elburgon, Turi, Molo, Londiani au Maji Mazuri, au waliopakia ni baba zenu, tunaomba mlete chochote mlicho nacho: kipande, tikiti ya kazi, bahasha ya mshahara, picha, hata jina tu na mwaka. Karani wa tawi ataandika na kuwarudishia vitu vyenu siku hiyo hiyo. Atakuwa ofisini kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba. Yule mwenzetu wa mguu tumekwisha kumwandika, ndiye nambari moja.